Sarafu za shaba za Roma: kuna aliyezitazama picha?

Wanaosema sarafu za Roma zilikuwa chombo cha propaganda wana hoja. Kuanzia mwaka 71 B.K., baada ya Yerusalemu kuanguka, kaisari Vespasian alitoa sesterti, sarafu nzito ya gramu 25 hivi, yenye mtende na chini yake mwanamke ameketi akiomboleza: Yudea imetekwa. Hata asiyejua kusoma aliuelewa ujumbe. Kaisari Antoninus Pius naye, mwaka 154–155, alitoa asi, sarafu ndogo za shaba, zenye Britannia, mwanamke anayewakilisha Uingereza, aliyeketi kinyonge, na hizo huokotwa kwa wingi Uingereza kwenyewe. Ni wazi zililengwa huko.

Upande wa pili, mwanahistoria A.H.M. Jones alihoji mwaka 1956 kama watu walizitilia maanani hata kidogo. Naye ana lake. Sarafu nyingi zina mwanamke yuleyule aliyesimama: akishika usukani ni Fortuna (bahati), mizani ni Aequitas (haki), nanga ni Laetitia (furaha). Nani sokoni angesimama kuwatofautisha? Halafu zilipigwa kwa nyundo. Mhuri wa chini, kwa kawaida wenye kichwa cha kaisari, ulikaa kwenye fuawe. Wa juu, wenye picha, ulipokea kipigo chote, ukachakaa upesi zaidi. Kipande cha shaba kikikaa upande kidogo tu, nusu ya maandishi inaishia hewani. Ikizunguka mikononi miaka hamsini, sesterti hubaki na kivuli cha kichwa, basi.

Kosa la pande zote mbili, kwa maoni yangu, ni kuchanganya uso wa kaisari, picha na maneno. Uso ulitazamwa. Mwanahistoria wa kale Cassius Dio anaeleza kwamba Baraza la Seneti liliamuru sarafu za shaba za kaisari Caligula ziyeyushwe (agizo lilitekelezwa nusunusu, maana zimebaki tele), na katika baadhi ya zilizosalia herufi C ya jina lake imekwanguliwa.

Picha nayo ilitazamwa, ilimradi iwe na tukio ndani yake. Sarafu za kuanzia 348 zenye askari anayemchoma mkuki mpanda farasi zilighushiwa sana Uingereza. Kwenye nakala hizo maneno FEL TEMP REPARATIO (yaani, nyakati njema zimerejea) yamegeuka vijiti na viduara visivyosomeka. Mkuki, farasi na mtu anayeporomoka vipo, hata pale sarafu yenyewe inapokuwa ndogo kuliko ukucha.