Simbachawene na Kibakwe: uwaziri umewafaa nini watu wa milimani?

George Simbachawene aliingia bungeni mwaka 2005 kwa tiketi ya CCM akiwakilisha Kibakwe, jimbo la milimani katika Wilaya ya Mpwapwa mkoani Dodoma, akarudi tena mwaka 2010, 2015 na 2020. Wanaomuunga mkono husema rekodi hiyo ni ushahidi tosha wa imani ya wananchi. Hoja hiyo hainitoshi, kwa sababu katika majimbo mengi ya vijijini mkoani hapa kinyang'anyiro chenyewe huwa kwenye kura za maoni ndani ya chama, na anayevuka hapo huwa amebakiza safari fupi.

Kipimo cha haki zaidi ni barabara. Mkulima wa vitunguu wa Lumuma anajua kwamba mvua ikikata njia lori halifiki, na dalali aliyepenya kwa pikipiki ndiye anayepanga bei ya gunia la lumbesa, yaani lililojazwa kupita kipimo, maana mzigo ukikaa unaoza. Hapa watetezi wake wana hoja nzito. TARURA, wakala unaosimamia barabara za vijijini na mijini, ulianza kazi Julai 2017 yeye akiwa Waziri wa TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na mageuzi ya ukubwa huo hayasimamiwi na mbunge asiye na wizara. Fedha ndizo zilizopungua: wakala ulianza na asilimia 30 ya mgawo wa Mfuko wa Barabara, hadi mwaka 2021 ilipoongezwa tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta.

Lakini waziri hasimami kipindi cha maswali kuibana serikali ambayo yeye mwenyewe ni sehemu yake. Anaweza kumnong'oneza mwenzake wa ujenzi, ila mnong'ono hauandikwi kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, na mpiga kura wa Pwaga hana namna ya kuufuatilia. Kasoro hii si yake peke yake, kwani Katiba, ibara ya 55, inataka mawaziri watokane na wabunge.

Septemba 2017 alijiuzulu baada ya kutajwa katika ripoti za kamati za Bunge kuhusu almasi na tanzanite, na hakurudi kwenye baraza hadi Julai 2019. Wengi waliona jimbo limepoteza mlango wa serikalini. Kwa maoni yangu, karibu miaka miwili hiyo ndiyo inayofaa kuchunguzwa kwa makini zaidi, kwa kuwa alikuwa huru kuuliza lolote kuhusu Kibakwe, na kila alichouliza kimeandikwa.