Mtu Mzima Kupima Akiwa Mzima

Ukimshauri mtu wa makamo akapime afya ilhali hajisikii vibaya, mara nyingi atakujibu kwamba hataki kujitafutia ugonjwa. Wahudumu wa afya hulicheka jibu hilo, na aghalabu wana haki ya kulicheka, lakini ndani yake mna hoja ambayo wanaohimiza kila mtu apime kila kitu hawajaijibu sawasawa.

Korea Kusini inawapa nguvu wenye shaka. Mpango wa taifa wa uchunguzi wa saratani ulipoanza mwaka 1999, hospitali nyingi ziliongeza, kwa ada ndogo, kipimo cha altrasaundi cha tezi ya thairoidi iliyo shingoni. Kufikia mwaka 2011 kiwango cha waliokutwa na saratani ya tezi hiyo kilikuwa mara 15 ya kile cha mwaka 1993, na vifo havikupungua. Vingi vilivyogunduliwa vilikuwa vivimbe vidogo ambavyo mtu angeishi navyo hadi afe kwa jambo jingine. Badala yake karibu wote walipasuliwa, na wengi wamebaki wakimeza vidonge vya homoni kila siku. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio 17 yenye watu zaidi ya 250,000, nayo yalionyesha kwamba kuwaita watu wazima kwa uchunguzi wa jumla hakupunguzi vifo, au kunapunguza kidogo mno.

Hata hivyo, majaribio hayo yalifanyika Ulaya na Marekani, ambako aliyekwenda kutibiwa kikohozi hupimwa presha papo hapo. Kwetu Tanzania wapo wanaoijua presha yao siku wanapopooza upande mmoja, kwa hiyo matokeo ya huko hayawezi kuhamishwa hapa kama yalivyo. Ninachokichukua kutoka huko ni swali moja la kuuliza kabla ya kutoa mkono uchomwe sindano: kipimo hiki kikionyesha tatizo, kuna la kufanya?

Kwa saratani ya mlango wa kizazi, jibu ni ndiyo bila kusita. Muuguzi hupaka siki kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, kisha huangalia kwa taa. Sehemu yenye dalili za awali hubadilika kuwa nyeupe, na mara nyingi huweza kugandishwa au kuchomwa siku hiyohiyo, kabla haijawa saratani. Lengo la Shirika la Afya Duniani ni asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa wakifika miaka 35, na tena wakifika 45, ingawa kwa kipimo cha virusi vya HPV vinavyosababisha saratani hii, ambacho ni makini kuliko siki. Chanjo ya HPV, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, inawalenga wasichana. Mama zao kinga yao ni kupima. Aibu ya kupanda kile kitanda ni ya kweli, na sidhani inaondolewa kwa mabango.

Chanjo ya homa ya ini B, ugonjwa wa virusi vinavyoshambulia ini, inahitaji hesabu ya uangalifu zaidi. Hapa nchini watoto walianza kuipata mwanzoni mwa miaka ya 2000, hivyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawana. Mwenye shaka atasema, na ni kweli, kwamba virusi hivyo hubaki mwilini kwa takriban asilimia 90 ya wanaoambukizwa wakiwa wachanga, lakini kwa watu wazima ni chini ya asilimia 5. Tena chanjo haimsaidii aliyekwisha kuambukizwa, kwa hiyo apimwe kwanza. Kwa mhudumu wa afya au mtu anayeishi na mwenye virusi, ningesema achanje na amalize dozi zote tatu ndani ya miezi sita, maana wanaoishia ya pili si haba.

Ninayoyaogopa ni yale mabanda ya kupima bure kwenye maonyesho. Mtu amesimama juani kwenye foleni, amepimwa presha mara moja akiwa bado anahema, kakabidhiwa kikaratasi kilichoandikwa 152/96 na kuambiwa apunguze chumvi. Presha haithibitishwi kwa kipimo kimoja cha namna hiyo. Ilipaswa aambiwe arudi zahanati gani, siku gani, na akifika amwone nani.