Ligi ya wanawake Australia: mshahara umepanda, msimu bado mfupi

Mwaka 2017, ligi kuu ya wanawake ya futiboli ya Australia (si soka, ni mchezo wa mpira wenye umbo la yai), AFLW, ilipoanza na timu 8, nyota wachache wa kila timu walilipwa dola 27,000 za Australia kwa msimu. Waliowafuata walipata 12,000. Waliobaki, ambao ndio waliojaza vikosi, walipata 8,500. Miaka mitano baadaye kima cha chini kilikuwa 39,184 na cha juu 71,935. Mkataba wa pamoja wa wanaume na wanawake, wa 2023 hadi 2027, ukapandisha wastani wa wanawake hadi dola 60,000 mwaka wa kwanza, na 82,000 utakapofikia mwisho.

Kwa hesabu hiyo wapo wanaouliza: wachezaji wanaotaka mechi zaidi na malipo ya mwaka mzima sasa wanalalamikia nini? Swali ni halali, na wanaolitoa hawatumwi na chuki tu. Msimu wa 2023 ulikuwa na mechi 10 kabla ya mtoano, na gawanyo la 60,000 kwa 10 ni dola 6,000 kwa mechi. Fedha yenyewe inatoka kwa sehemu kubwa kwenye haki za televisheni zinazobebwa na ligi ya wanaume. Kwa upande huu wa hoja, mashabiki waje kwanza, mechi ziongezwe baadaye.

Lakini mchezaji halipi kodi ya nyumba kwa mechi, analipa kwa mwezi. Mwaka 2022 kima cha chini cha mshahara Australia kilikuwa dola 812.60 kwa wiki, yaani takribani 42,255 kwa mwaka. Mchezaji wa ngazi ya chini, hata baada ya nyongeza iliyotangazwa kwa shangwe, alikuwa chini ya hapo. Hata Daisy Pearce, nahodha wa zamani wa timu ya Melbourne na uso wa ligi hii tangu mwanzo, alijulikana pia kama mkunga.

Hoja ya mashabiki ina mwanya mmoja ambao hautajwi sana. Mechi ya ufunguzi, Carlton dhidi ya Collingwood, Februari 3, 2017, ilijaza watu 24,568 mpaka mageti yakafungwa na wengine wakabaki nje. Fainali ya 2019 pale uwanja wa Adelaide Oval iliingiza 53,034. Zote mbili zilikuwa bure. Kulinganisha umati huo na elfu chache wanaokuja siku hizi kwa tikiti ya kulipia ni kulinganisha vitu viwili tofauti. Zaidi ya hapo, ligi ilipanuka kutoka timu 8 hadi 18 kufikia 2022, ikihitaji wachezaji zaidi ya 500 kutoka nchi ambayo wasichana wengi waliambiwa waache mchezo huu wakibalehe. Uamuzi wa kupanua ulikuwa wa viongozi, halafu matokeo yake, timu dhaifu na mechi za mabao machache, yakahesabiwa dhidi ya wachezaji.

Erin Phillips ndiye mfano unaotumiwa na pande zote mbili. Baba yake, Greg, alikuwa nyota wa klabu ya Port Adelaide, naye binti akacheza na wavulana mpaka alipofika miaka 13, akaambiwa basi. Akageukia mpira wa kikapu, akatwaa ubingwa wa WNBA, ligi ya wanawake ya Marekani, na timu ya Indiana mwaka 2012 na ya Phoenix 2014. Alirudi kwenye futiboli akiwa na miaka 31, akawa mchezaji bora wa ligi 2017 na tena 2019, na akachukua ubingwa mara tatu na klabu ya Adelaide kabla ya kuhamia Port Adelaide kama nahodha na kustaafu 2023. Wapo wanaosema: unaona, kipaji hakihitaji mkataba wa mwaka mzima. Mimi naona kinyume. Phillips alikuja na mwili uliojengwa na taaluma ya mchezo mwingine uliomlipa kwa miaka mingi.

Kinachokosekana kwa wengi kinaonekana kwenye teke. Mpira huu una umbo la yai, na teke la kawaida linataka ushikwe wima, uongozwe chini kwa mkono mmoja, uachiliwe karibu na paja, ncha ya chini ikutane na mguu ulionyooshwa vidole. Ukitoka sawa unajizungusha kinyumenyume na kwenda moja kwa moja. Ukiachiliwa juu mno, unapinda kabla haujafika mguuni. Ukiangushwa kwa kukatiza mwili, unaelea pembeni, na badala ya bao la pointi 6 unapata pointi 1, au hupati kitu. Kosa haliko mguuni, liko mkononi, na mkono unarekebishwa kwa marudio mengi. Marudio hayo hayapatikani kwa mtu anayefika mazoezini jioni akitoka zamu ya hospitali.

Goti nalo lina hesabu yake. Kukatika kwa kano ya mbele ya goti kumewapata wanawake wa ligi hii kwa kiwango kinachozidi cha wanaume mara kadhaa. Mara nyingi hakuna aliyegongana: mchezaji anamfukuza mpinzani, anakanyaga ili abadili mwelekeo, goti likiwa karibu limenyooka, linaingia ndani. Ligi na Chuo Kikuu cha La Trobe waliandaa programu ya Prep to Play, inayofundisha kutua, kukata kona, kukaba na kuanguka. Inasaidia pale inapofanywa kila mazoezi, na hapo tunarudi kwenye saa. Kupona huchukua miezi 9 hadi 12. Kwa ligi ambayo siku hizi huchezwa Agosti hadi Novemba, anayeumia Oktoba anaweza kuukosa hata mwanzo wa msimu unaofuata. Phillips mwenyewe aliumia goti kwenye fainali ile ya 2019, akatolewa kwa machela, na bado akapewa medali ya mchezaji bora wa siku, Adelaide ikishinda 63 kwa 18. Yeye alirudi. Mchezaji wa kawaida mwenye mkataba mfupi anaweza kuachwa kabla goti halijapona.

Wasifu ulio karibu zaidi na wa wengi ni wa Akec Makur Chuot, aliyezaliwa Sudan Kusini, akapitia kambi ya Kakuma nchini Kenya na kufika Perth, Australia, mwaka 2005. Alikuwa mwanamke wa kwanza mzaliwa wa Afrika kucheza ligi hii, kwa timu ya Fremantle mwaka 2017. Aliachwa, akashuka ligi ya jimbo la Victoria, akapanda tena kupitia Richmond na baadaye Hawthorn. Kupanda na kushuka huko hakuonekani kwenye jedwali la wastani wa mishahara.

Msimu ulifika mechi 12 mwaka 2025, wakati wanaume wanacheza 23. Mkataba unaruhusu ziwe 14 ifikapo 2027, kwa sharti la wastani wa watazamaji 6,000 uwanjani na 100,000 kwenye televisheni. Upande wa ligi una haki ya kuweka masharti, maana fedha haioti. Ila sharti hili limewekwa mahali pasipo pake: ratiba, uwanja na saa ya mechi viko mikononi mwa ligi, mchezaji anachokimiliki ni mazoezi yake. Kipimo cha haki kingeanza na saa za mazoezi zinazolipwa mwaka mzima kwa kila mchezaji kikosini, kisha watazamaji wahesabiwe baada ya misimu miwili au mitatu ya hali hiyo.