Herufi za Atatürk na dole gumba la bibi

Bibi yangu aliandika barua maisha yake yote. Nimeziona: karatasi za mistari zilizokunjwa mara nne, wino umepauka, zimelazwa ndani ya kibweta pamoja na vijiti vya udi. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama watu wengi wa Tanga wa rika lake waliopitia chuo cha Kurani. Lakini kila alipoitwa ofisini kutia saini, karani alimsogezea wino: "Bibi, weka dole hapa." Kwenye makaratasi ya serikali, bibi hakujua kusoma wala kuandika.

Ndiyo maana nikisoma habari za Uturuki ya miaka ile kati ya vita viwili vya dunia, sisomi kama mtu wa mbali.

Jamhuri ile ilitangazwa Ankara tarehe 29 Oktoba 1923, juu ya magofu ya dola ya Uthmaniya. Usultani ulikuwa umeondolewa mwaka mmoja kabla, na Machi 1924 ukhalifa nao ukafutwa, Khalifa Abdülmecid akapandishwa treni usiku kwenda uhamishoni. Baada ya hapo Mustafa Kemal, rais wa kwanza, aliyekuja kuitwa Atatürk, hakupumzika. Ukimtaja leo barazani, watu hugawanyika papo hapo: huyu anamwita mkombozi, yule anamwita adui wa dini, na kila mmoja anataka uyameze mageuzi yake yote au uyateme yote. Mimi nayachambua kama mchele.

Kofia naitupa. Agosti 1925 Kemal alikwenda Kastamonu, mji wa watu wa dini, kichwani kavaa kofia ya Panama, akawaambia kwamba hili ndilo vazi la watu waliostaarabika. Novemba ikatoka sheria, na tarbushi ikawa kosa. Kichekesho ni kwamba tarbushi yenyewe ilikuwa ngeni: Sultani Mahmud II ndiye aliyewavisha watumishi wake mwaka 1829, kwa jina hilohilo la maendeleo, na wakati ule wenye vilemba walinuna. Huku kwetu, mwaka huohuo wa 1925, Waingereza walikuwa wakiwavisha tarbushi askari wa KAR, jeshi lao la Waafrika. Kitambaa kilekile, kule ushamba, huku sare. Ningecheka zaidi kama watu wasingenyongwa. Mwanachuoni mmoja wa dini, İskilipli Atıf, alikuwa ameandika kijitabu cha kupinga kuiga Wazungu kabla sheria haijatungwa. Februari 1926 alitiwa kitanzi hata hivyo. Mimi sijui maendeleo gani yanayohitaji kamba kwa ajili ya kofia.

Herufi ni habari nyingine, na hapa najua nitawaudhi baadhi ya wazee wangu: naona Kemal alikuwa na hoja alipoziacha za Kiarabu akachukua za Kirumi. Kituruki kina irabu nane. Herufi za Kiarabu zina namna tatu tu za kuzionyesha. Kwa hati ya zamani, neno *oldu*, yaani "imekuwa", na *öldü*, yaani "alikufa", yaliandikwa sawasawa. Hebu fikiria unapokea simu ya maandishi kumhusu mwanao aliye vitani. Sensa ya 1927 ilikuta takriban mtu mmoja tu kati ya kumi anajua kusoma. Kufikia 1935 walikuwa karibu mmoja kati ya watano, na hilo si jambo dogo kwa miaka minane.

Shida yangu ni mwendo. Inasimuliwa kwamba wataalamu walimwomba miaka mitano, yeye akawapa miezi mitatu. Agosti 1928 alizitangaza herufi mpya pale bustani ya Gülhane, sheria ikapita tarehe 1 Novemba, Desemba magazeti yakageuka, na Januari 1929 vitabu vikafuata. Mkulima wa Anatolia ambaye hakuwahi kusoma hakupoteza kitu. Aliyepoteza ni mwalimu, kadhi, mama aliyekuwa akijisomea mashairi jikoni. Alilala msomi akaamka mbumbumbu. Kisha Kiarabu na Kiajemi vikaondolewa shule za sekondari, na mjukuu akasimama mbele ya kaburi la babu yake asiweze kusoma jina.

Hata Kemal mwenyewe hakupona. Oktoba 1927 alihutubia chama chake kwa siku sita, jumla ya saa 36 hivi, na hotuba ikachapishwa kwa herufi za zamani. Kisha lugha ilisafishwa maneno ya Kiarabu na Kiajemi kwa kasi kiasi kwamba baadaye Waturuki wenyewe walilazimika kuiandika upya kwa Kituruki cha kisasa ndipo vijana waielewe.

Kwa wanawake nampa haki yake, ingawa si yote. Mwaka 1934 walipata kura ya bunge, na 1935 wakaingia bungeni, mmoja wao Satı Kadın aliyekuwa mkuu wa kijiji, wakati Ufaransa ilingoja hadi 1944. Ila mwaka huohuo wa 1935 chama cha wanawake waliopigania kura hiyo kilijivunja, eti kazi imekwisha. Wakurdi, walioinuka na Şeyh Said mwaka 1925, hawakupewa hata mlango wa kujadili.

Kwetu hapakuwa na usiku mmoja wa sheria. Wamisionari walianza, shule za Wajerumani zikafuata, na mwaka 1928, mwaka uleule, wakubwa wa kikoloni wakakaa Mombasa wakachagua Kiunguja kiwe Kiswahili sanifu, kwa herufi za Kirumi. Bibi hakuulizwa.

Majuzi nimekaa na shangazi tukafungua kibweta. Herufi nazijua, madrasa ilinitosha. Bibi hakuwa akitofautisha *p* na *b*, wala *e* na *i*. Kila jozi kwake ilikuwa alama moja. Katika barua aliyomwandikia dada yake wa Pangani kuna mstari unaosema kwamba mwaka huu, kule shambani, mabibo yamezidi. Shangazi anasema hapana, bibi hakuwa mtu wa kuhesabu mabibo. Yeye anasoma mapepo.