Mshipa Upi?

Mwaka jana mama yangu alianza kulalamikia mguu wa kulia. Maumivu yalianzia kiunoni, yakapita takoni, yakashuka nyuma ya paja mpaka kidole cha mwisho. Kila jirani aliyekuja kumjulia hali alisema: "Ni mshipa huo." Akachuliwa kwa mafuta ya nazi siku tatu, asubuhi na jioni. Siku ya nne hata kukaa alishindwa.

Tulipofika kwa daktari nikawahi kusema ni mshipa. Akamgeukia mama. "Pole mama. Mshipa upi?"

Sikuwa na jibu, na swali lile limenikaa kichwani hadi leo.

Neno hili tumelibebesha mzigo mkubwa mno. Damu inapita kwenye mshipa. Shingo ikikaza, mshipa. Mkono ukifa ganzi, mshipa. Ngiri ni mshipa, na wapo wanaoliita busha hivyo hivyo. Hata asiye na haya tunasema hana mshipa wa aibu. Barazani hakuna ubaya. Mbele ya daktari ni hatari, na nikisema hatari namaanisha hatari.

Tazama mgongo wa mkono wako. Nyoosha vidole kwa nguvu, kisha vichezeshe kimoja kimoja. Zile kamba zilizonyooka, zinazocheza chini ya ngozi, ni kano. Kazi yake ni kuunganisha msuli na mfupa. Misuli inayoinua vidole hivyo haiko vidoleni, iko juu kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Kishike kwa mkono wa pili huku ukivichezesha, utaisikia ikijikaza na kulegea. (Mpenzi wa supu ya makongoro anazijua kano kwa meno.) Ile mistari ya kijani inayopindapinda ni vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, na ukiibonyeza inanywea. Neva, uzi unaobeba hisia na amri kati ya ubongo na mwili, hutaiona. Lakini kama umewahi kugonga kiwiko kwenye kona ya meza, ukasikia shoti ikikimbilia kidole cha mwisho, basi uligonga neva, kwa sababu pale inapita juu ya mfupa bila nyama ya kuikinga.

Ya mama ilikuwa neva. Daktari alimlaza chali na kuuinua mguu ukiwa umenyooka. Haukufika hata nusu, mama akapiga ukelele. Neva ya siatiki ndiyo nene kuliko zote mwilini, inakaribia unene wa kidole, na inaundwa na mizizi mitano inayotoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Kati ya pingili na pingili kuna diski, kama mto mdogo. Diski ikitokeza nyuma inaweza kubana mzizi mmoja, mguu ukauma ilhali chanzo kiko kiunoni. Tulikuwa tunachua paja lisilo na kosa lolote. Mama aliambiwa asilale kutwa, atembee kidogo kidogo, akapewa dawa na mazoezi. Aliulizwa pia kama mkojo unamponyoka na kama ana ganzi sehemu za siri, maana hizo ni dalili za kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa fikiria mguu mwingine. Mama aliyejifungua wiki mbili zilizopita, shavu la mguu mmoja limevimba, lina joto, linauma. Naye ataambiwa ni mshipa, atakandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa. Safari hii huenda ni mshipa kweli: vena iliyozibwa na damu iliyoganda, jambo linalowapata wazazi wa karibuni zaidi kuliko wanawake wengine wa umri wao. Kipande cha bonge hilo kikichomoka kinapanda hadi moyoni, kinasukumwa kwenye mapafu, na mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache. Mguu huo hauchuliwi. Unapelekwa hospitali.

Wapo wanaoniambia neva ni neno la kuazima. Ni kweli, kama lilivyo daktari. Asiyelitaka aseme mshipa wa fahamu, nalo linatosha. Kano, gegedu, pingili, mtulinga, muundi, kigasha: haya ni yetu na yamo kamusini. Kinachoniuma ni kwamba hapa Tanzania mtoto akivuka darasa la saba anaanza kusoma biolojia kwa Kiingereza. Anamaliza kidato cha nne na majina yote ya mwili, asiweze kumweleza bibi yake hata moja.

Natamani kila zahanati ibandike ukutani picha moja ya mguu: kano kwa rangi nyeupe, vena kwa buluu, neva kwa njano, na majina ya Kiswahili yaliyoandikwa makubwa, yasomeke kutoka kwenye benchi la wanaosubiri.