Mazimwi yale ni mabomba ya maji, jamani

Imezunguka tena ile picha ya kanisa kuu la Notre-Dame la Paris: zimwi lenye pembe, mikono mashavuni, linautazama mji. Maelezo yake eti makanisa ya kale yalijengwa na waabudu shetani. Haya. Zimwi hilo ni la karne ya 19, lililetwa na ukarabati wa msanifu majengo Mfaransa, Viollet-le-Duc. Halipitishi hata tone la maji. Ni pambo tupu, nakubali shingo upande.

Ila mazimwi yale yaliyochomoza ukutani na kupanua vinywa yana kazi, tena kazi ya fundi bomba. Maji ya paa yakiachwa yatiririke ukutani, yanaloweka mawe na kula chokaa kwenye maungio. Kwa hiyo mchongaji huchukua jiwe refu, akalichimba mfereji mgongoni hadi kinywani. Mkia wake huzamishwa ukutani na kukandamizwa na mawe ya juu, la sivyo lingepinduka. Shingo ndefu si madoido: kadiri inavyotokeza, ndivyo maji yanavyoangukia mbali na msingi. Huwekwa mengi ili kila moja libebe maji kidogo. Majani na viota vikiziba mfereji, maji hurudi ukutani. Baridi ikiyagandisha, barafu hutanuka na kupasua jiwe. Kichwa kikianguka, utasikia ni laana. Laana ya kutozoa majani!

Vile vimnara vyenye ncha juu ya nguzo za nje navyo si urembo tu. Uzito wake husaidia kuelekeza chini msukumo wa dari. Majani ya mawe yaliyochongwa katika kanisa la Southwell, Uingereza, mwishoni mwa karne ya 13, hayabebi kitu. Lakini mwaloni unautambua, mzabibu unautambua. Hayo nayasamehe.

Nisiowasamehe ni wanaoziba nyufa za mawe ya chokaa kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe na haipumui. Unyevu unalazimika kutokea kwenye jiwe lenyewe, chumvi inaganda ndani ya vinyweleo, na baada ya muda pua mpya ya saruji iko imara huku shavu la miaka 700 limekuwa unga. Ukiongeza nondo ya kawaida ndani, kutu inavimba na kumalizia kupasua. Tumieni chokaa, na pini za chuma kisichoshika kutu. Kisha funikeni kwa magunia mabichi, chokaa isikauke haraka ikapasuka. Ndiyo, inachukua muda.