Msimkate Mtakatifu Antoni

Kila ikifika tarehe 13 Juni simu yangu hujaa picha za Mtakatifu Antoni wa Padua. Mwaka huu nimetumiwa ile ya Murillo, mchoraji wa Hispania, inayoonyesha njozi ya Antoni akitokewa na Mtoto Yesu. Imekatwa: Mtoto Yesu yumo, malaika wamo, mtakatifu mwenyewe hayumo. Imeniuma kweli.

Murillo aliichora mwaka 1656 kwa ajili ya Kanisa Kuu la Sevilla, Hispania, na hadi leo imo humo humo, kwenye kikanisa cha ubatizo. Kwenda juu inapita mita 5, na urefu wote huo una kazi. Juu ni mwanga wa dhahabu na kundi la malaika. Chini Antoni kapiga magoti, mikono kaifungua. Kati yao hakuna kitu, giza la hudhurungi tu. Sanamu tulizozoea makanisani kwetu zinamwonyesha Mtoto akiwa tayari amepakatwa. Murillo katuwahisha: Mtoto ndiyo kwanza anashuka, na mikono ya Antoni bado mitupu. Lile pengo ndilo njozi yenyewe! Mtu anamwona Mungu anakuja na bado hajamgusa. Ukimwondoa anayengoja, unabakiwa na watoto wanono mawinguni, kama kadi ya Krismasi.

Na ule mlango ulio wazi je? Nje yake unaona ua wa watawa na mwanga wa kawaida wa mchana. Ndani, mezani, kuna chombo cha mayungiyungi. Mbingu imefunguka chumbani mwa mtu, na jua la nje linaendelea kuwaka.

Zurbarán naye, mchoraji mwingine wa Hispania, mwaka 1629 alimchora Mtakatifu Petro Nolasco akitokewa na Mtume Petro aliyesulubiwa kichwa chini. Hakuweka malaika hata mmoja, na bado ni njozi.

Haya, kioo cha simu ni kidogo, na malaika wa Murillo wanapendeza, ingawa kwangu utamu wao umezidi. Lakini kumbukeni mwaka 1874: mwizi aliingia akamkata Antoni peke yake kutoka kwenye turubai, malaika akawaacha. Mwaka uliofuata kipande kilipatikana New York, kikarudishwa Sevilla, na Salvador Martínez Cubells akakiunga mahali pake. Watu walihangaika kuvuka bahari ili huyu bwana arudi kwenye picha yake, sisi tunamwondoa kwa kidole.

Tafadhali, tumeni picha nzima. Isipoenea, kateni juu: tuachieni Antoni, mlango, maua na lile giza. Malaika wakikosekana tutaelewa tu.